Maji Vuguvugu ya Bafu la Sita

4 Februari

Mjomba, shikamoo.

Sisi huku wazima, ingawa ukimwambia mama kwamba ni mzima atakubishia. Dada yako goti limemgomea tena. Anashuka ngazi kinyumenyume kama mtu anayeaga kwa mfalme, na ukimshika mkono anakuuliza nani kakuambia yeye ni mzigo. Mjukuu wako ametimiza miaka minne na amejua neno "kwa nini". Bibi yake amemwekea kikomo: "kwa nini" kumi kwa siku, zikiisha asubiri kesho. Saa nne asubuhi huwa ameshazimaliza.

Nimejaribu simu, lakini kila nikikuuliza jambo unanijibu, "Eeh, eeh, wasalimie." Masikio yako yameliwa na mapampu, na kuhusu ujumbe wa kuandika unasema vidole vyako vya spana vinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Basi nimerudi kwenye kalamu. Barua ataileta yule mhudumu wa ndege wa zamu ya Alhamisi ambaye huku tumembandika jina la Posta. Akipangiwa njia nyingine, tutasubiri.

Ninalotaka ni hili. Wiki iliyopita alikuja kwenye mabafu yetu hapa uwanja wa ndege abiria mwenye kijitabu. Kumbe kazi yake, au wazimu wake, ni kuoga kwenye kumbi za kusubiria za mashirika ya ndege dunia nzima na kuzilinganisha. Alimwuliza Bibi Taulo muda wa foleni. (Bibi Taulo ndiye mwenzangu wa zamu, mama mtu mzima anayekunja taulo mpaka zinasimama zenyewe.) Akahesabu taulo, akanusa sabuni, akasimama chini ya shawa na saa mkononi. Siku tatu baadaye tukasoma maneno yake. Ukumbi wenu ni wa kwanza. Wetu ni wa mwisho. Kaandika kwamba kwetu amesubiri dakika arobaini na tano, na maji yanatoka "kama mtu anayelia bila kutaka kuonekana".

Msimamizi wetu amepandwa na pepo. Kaniita ofisini: "Si unasema mjomba wako ndiye fundi bomba wa ukumbi ule? Mwulize wanafanyaje." Kwa hiyo nakuuliza, Mjomba. Mabafu yenu yakoje? Niambie kila kitu. Sisi tuna sita, matano yanafanya kazi. La sita limefungwa tangu mwaka jana vigae vilipoanguka.

Mama anasema ule vizuri, na uache kuvaa viatu vilivyolowa.

Mpwa wako,
Kinanda


17 Februari

Mpwa wangu Kinanda, marahaba.

Umeniandikia barua na jina nililokupa mimi mwenyewe, siku ulipolia tangu adhuhuri hadi jua kuzama tukadhani umemeza kinanda. Nimecheka peke yangu karakanani, wenzangu wakaniangalia. Mkaza mjomba wako hajambo. Amejiunga na darasa la kushona na sasa mapazia yote ya nyumba yana mifuko. Usiniulize ya nini. Mwambie dada yangu goti halitaki ushujaa, linataka kupumzishwa.

Haya, mabafu. Huyo bwana wa kijitabu namkumbuka. Alinivizia nikitengeneza koki akaniuliza kasi ya maji. Nilimpa takwimu zote, maana ni mara chache mtu kuuliza.

Tunayo mabafu manane, yako mstari mmoja, kushoto mwa korido. La kwanza ni kubwa, la wenye viti vya magurudumu, lina benchi la kukunja na vishikio viwili. La pili na la tatu ni mapacha, shawa pana ya juu na nyingine ya mkononi. La nne lina kioo kisichoshika ukungu, abiria wanalipenda kwa kunyolea. La tano sakafu yake ina joto la umeme. La sita ni dogo lakini maji yake ndiyo makali kuliko yote, kwa kuwa liko karibu na pampu. La saba lina dirisha la kioo kizito, unaoga ukiona ndege zinavyosogezwa. Sabuni ziko kwenye chupa zilizofungwa ukutani, hakuna vipande. Kila abiria akitoka, mhudumu ana dakika tisa za kusafisha, na abiria anaitwa kwa kidude kinachotetemeka mfukoni, hasimami mlangoni.

Siri ya kasi ya maji haina uchawi. Fungua vichwa vya shawa kila mwezi, viloweke kwenye siki, magamba ya chokaa yatoke. Mwambie msimamizi wako hivyo.

Na maji moto yawe moto kweli. Tangi lisiteremke chini ya digrii sitini. Hilo mwambie mara mbili.

Nakutakia kazi njema. Mbusu mjukuu wangu, mpe "kwa nini" ya kumi na moja kwa niaba yangu.

Mjomba wako


9 Machi

Mjomba, shikamoo sana.

Samahani kwa kuchelewa. Posta alipangiwa njia nyingine wiki mbili, barua yako ikazunguka nchi tatu kwenye mkoba wake kabla ya kunifikia. Huku mama amepata mkongojo. Hautumii kutembelea, anautumia kuwaonyeshea watu mambo. Mjukuu wako ana mafua kidogo lakini anacheza.

Barua yako niliisoma kwa sauti ofisini. Msimamizi akaandika kila neno. Siki tumenunua, vichwa vya shawa tumeviloweka, na kweli maji yamepata nguvu. Bibi Taulo alijaribu bafu la pili akatoka kilemba kimelowa, anacheka, anasema, "Leo limenipiga kofi!"

Lakini kwenye hita hajakubali. Mwezi uliopita mama mmoja alibabuka bega, akalalamika hadi makao makuu. Msimamizi akashusha tangi mpaka digrii arobaini na mbili. Anasema, "Abiria anataka kuoga, hataki kuchemshwa." Nilimwambia mara mbili kama ulivyosema. Mara ya pili aliniuliza kama nataka kazi yake.

Pia ameamua kulifungua bafu la sita wiki ijayo, foleni ipungue. Vigae vimeshabandikwa. Bwana wa kijitabu anatarajiwa kupita tena mwezi wa nne, na makao makuu wamesema ukumbi utakaobaki wa mwisho mabafu yake yatafungwa. Wahudumu tuko sita, Mjomba, na hakuna hata mmoja asiye na watu nyuma yake. Hapa kila mtu roho iko mkononi.

Nikuulize kitu kidogo. Umesema mna mabafu manane. Nimehesabu barua yako nikiwa nimekaa juu ya kikapu cha taulo, nikarudia. Umeeleza saba. La nane likoje?

Mpwa wako


20 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mkaza mjomba wako anawasalimu. Poleni na mafua ya mtoto.

Barua yako imechukua siku kumi na moja. Natumaini hii haijachelewa.

Bafu la nane ni stoo.

Sikiliza kuhusu hilo la sita. Bomba lililokaa mwaka mzima bila maji kutembea si bomba safi. Maji yaliyomo ndani yamelala, na maji yaliyolala huota vitu. Kabla mtu yeyote hajaingia humo, tangi lipandishwe hadi sitini. Kisha koki zifunguliwe, moto na baridi, maji yakimbie nusu saa nzima, kila siku, kwa wiki. Kichwa cha shawa kivuliwe kwanza, au kifungwe ndani ya mfuko, maji yashuke taratibu bila kurusha manyunyu. Anayefungua afungue na kutoka. Asisimame mle kupiga deki, asivute ule mvuke. Mlango ufungwe.

Si wewe wa kufanya kazi hiyo. Aitwe fundi. Umenisikia? Wewe usiingie.

Niandikie mara tu uipatapo barua hii, hata mistari miwili. Kama Posta hayupo, mpe mhudumu yeyote, au rubani, au mtu yeyote mwenye miguu.

Mjomba wako


28 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nyumbani wazima wote. Mama anakusalimu.

Barua yako nimeipata jana. Bafu la sita lilifunguliwa tarehe kumi na tano. Tulilifungua mimi na Bibi Taulo. Siku ya kwanza maji yalitoka na rangi ya chai, yakanuka udongo, tukayaacha yakaendelea mpaka yakawa meupe. Tulikuwa mle ndani asubuhi nzima tukisugua, shawa zote mbili zinamwagika, maana msimamizi alitaka abiria wa kwanza aingie saa sita. Hatukujua. Fundi hakuitwa.

Bibi Taulo amelazwa tangu juzi. Alianza na kutetemeka, tukasema uchovu. Kisha kichwa, kisha homa, kisha akawa anasema maneno yasiyo na mpangilio. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekwishakufa. Hospitali wanasema ni nimonia. Wanamdunga sindano za kifua, lakini homa haishuki. Msimamizi anasema ni kiyoyozi.

Kuna jingine. Wakaguzi wa maji wanakuja tarehe nane. Kumbe kuna karatasi inayotakiwa kujazwa kila wiki kuonyesha kwamba koki za kila bafu zimefunguliwa, pamoja na yaliyofungwa. Haijawahi kujazwa kwa bafu la sita. Msimamizi ameniletea kalamu. Anasema mwandiko wangu ni mzuri. Wiki kumi na mbili za mwaka huu, saini kumi na mbili. Nimesaini tatu, mkono ukakataa, nikamwambia nitamalizia Jumatatu.

Akanijibu, "Malizia tu. Ni karatasi, haiumi mtu."

Mimi sijambo.

Kinanda


2 Aprili

Kinanda, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Leo sisalimii. Salamu zitasubiri.

Umeandika "mimi sijambo" kwenye mstari wake peke yake, na mwandiko umeinama. Wewe tangu darasa la kwanza mwandiko wako umesimama wima kama askari. Sikuulizi. Najua unakohoa.

Fanya mambo haya kabla ya kuendelea kusoma. Nenda hospitali alikolazwa Bibi Taulo. Usimwone nesi wa mlangoni, mtafute daktari mwenyewe. Mwambie: huyu mama alivuta mvuke wa shawa iliyofungwa mwaka mzima, na tangi la maji moto liko kwenye arobaini na mbili. Mwambie kuna vijidudu vinavyoishi kwenye maji vuguvugu yaliyolala, vinaingia kifuani kwa manyunyu. Daktari akisikia neno maji atajua apime nini. Zile sindano wanazompa zinatibu nimonia nyingine, hiki kijidudu haziwezi kukiua; kina dawa yake, na ipo. Kisha mwambie na wewe ulikuwa mle ndani. Nenda. Barua haitakimbia.

Kama umerudi, sasa soma.

Bafu la nane si stoo. Limezibwa kwa mbao na kupakwa rangi ya ukuta, na abiria wanapita hapo bila kujua kuna mlango. Miaka saba iliyopita lilifungwa miezi mitatu likisubiri mashine ya kupasha taulo. Kila wiki ilitakiwa fundi aende afungue koki, maji yakimbie, asaini karatasi. Fundi huyo nilikuwa mimi. Korido ilikuwa ndefu, na chai ilikuwa karakanani. Nilisaini nikiwa nimekaa. Wiki kumi, Kinanda. Mara nyingine nilisaini mbili kwa mkupuo, nikabadilisha kalamu ili zisifanane.

Nilikuwa na fundi mwenzangu tuliyemwita Mjusi, kwa jinsi alivyopanda darini bila ngazi. Mashine ilipofika yeye ndiye aliyetumwa kulifungua bafu. Shawa ilikuwa imeziba chokaa. Alikaa chini yake saa nzima, uso juu, akiifungua na kuijaribu. Akatoka akinitania: "Maji yako yananuka kama kaburi, bwana." Siku ya nane akashikwa na homa. Wote tukasema malaria. Siku ya kumi na tatu tulimzika. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita.

Wakaguzi walikuja, wakachukua maji, wakakuta vijidudu kwenye bomba la nane. Wakaomba karatasi. Karatasi ilikuwa imejaa, wiki kwa wiki. Mkubwa wao akaniuliza, "Hizi saini ni zako?" Nikasema ni zangu. "Maji uliyafungua?" Nikasema niliyafungua. Akaandika kwamba kila kitu kilifanywa inavyopaswa na hili lilikuwa bahati mbaya. Mjane wake akasomewa maneno hayo mbele yangu. Alinishukuru kwa kulibeba jeneza la mumewe.

Sijamwambia mtu. Hata mkaza mjomba wako hajui. Sasa unajua wewe, na nimekuambia kwa sababu moja tu: huyo anayekuambia karatasi haiumi mtu, anadanganya. Zile tatu ulizosaini nenda kazikate, uandike pembeni kwamba si kweli. Ukifukuzwa kazi, umefukuzwa. Njoo tule tulichonacho.

Ungekuwa na mjomba bora angekuwa amekuambia haya tarehe kumi na saba ya mwezi wa pili. Niliandika "mara mbili" nikadhani nimemaliza wajibu wangu.

Nijibu.

Mjomba wako


19 Aprili

Mpwa wangu,

Hii ni barua ya tatu. Ile ya tarehe tisa sijui kama imekufikia, na Posta simwoni. Mkaza mjomba wako anapiga simu kila siku. Dada yangu anapokea na kusema, "Wazima, amelala." Nimemjua dada yangu miaka hamsini na tisa. Alipovunjika mkono alisema umelala vibaya.

Kazini siwezi kushika spana. Juzi nilifunga koki kinyume, bafu la tatu likafurika mpaka kwenye zulia la ukumbi, abiria wakanyanyua mikoba yao kama watu wanaovuka mto. Msimamizi wangu aliniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo, kwa kuwa sikuwa na jibu fupi zaidi.

Nakula kidogo, nasali sana, na kila ndege ya kutoka kwenu ikitua nasimama pale wanapopita wahudumu, nawatazama mikono.

Niandikie neno moja. Hata kama ni la kunitukana.

Mjomba


6 Mei

Mjomba wangu, shikamoo.

Niko hai. Nimeanza na hilo ili ukae chini.

Nimelazwa wadi ya wanawake, kitanda cha karibu na dirisha, na hii ni barua ya siku tatu, maana nikiandika mistari kumi pumzi zinaniishia kama mtu aliyepanda mlima. Mama alikataza mtu kuwaambia. Alisema, "Mjomba wako ana shinikizo la damu, akisikia tutazika wawili." Mimi nilikuwa sina nguvu za kubishana naye, na hata ningekuwa nazo unajua nani angeshinda. Mjukuu wako yuko kwa jirani mchana, kwa bibi yake jioni. Jana waliruhusu anione dirishani. Akapaza sauti, "Kwa nini mama amekuwa mdogo?"

Barua yako ya tarehe mbili niliipata kesho yake. Niliisoma mpaka pale uliposema nenda, nikaenda na sare yangu ya kazi. Daktari ni mama kijana, alikuwa ana haraka, anatembea huku anaandika. Nikamshika mkono wa koti. Akasema, "Dada, subiri zamu yako." Nikasema, "Siwezi kusubiri. Yule mama wa kitanda cha tisa alivuta maji ya shawa iliyolala mwaka mzima." Akasimama. Akaniuliza maswali matano, haraka haraka: lini, muda gani, maji yalikuwa na joto gani, nani mwingine, kuna abiria? Nikajibu yote. Nilipofika kwenye arobaini na mbili nikaanza kukohoa, sikuweza kuacha.

Akaweka kalamu chini. "Na wewe unakohoa tangu lini?"

"Siku saba."

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

Hakunikemea. Alinishika bega akanipeleka mwenyewe kwenye kiti. Walipompima Bibi Taulo wakakuta kile kile ulichosema. Dawa ikabadilishwa siku hiyo hiyo. Ilibidi wampe hewa ya mashine siku tano, na siku mbili kati ya hizo watoto wake waliitwa waje kuaga. Mjomba, hakwenda. Siku ya sita alifungua macho, akaona shuka lilivyotandikwa, akasema, "Nani kakunja hivi?" Nesi mzima akalia.

Mimi walinipa vidonge, nikaomba kurudi nyumbani, nikajikaza siku mbili zaidi kabla ya kuanguka. Siku hizo mbili nilikuwa na kazi. Nilirudi ukumbini, nikachukua karatasi, na bila kujua kwamba barua yako inaniambia hivyo hivyo nikazikata zile saini tatu na kuandika pembeni: "Si kweli. Sikufungua maji. Niliambiwa nisaini." Nikatia jina langu kamili na tarehe. Msimamizi akanikuta. Akasoma nilichoandika neno kwa neno. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Unajua umetumwagia unga sote?" Nikamwambia, "Bibi Taulo yuko kwenye mashine." Akakaa juu ya kikapu cha taulo, akafunika uso. Nilidhani nitamchukia. Nilimwona tu ni mtu mwenye hofu, kama mimi nilipokuwa nashika ile kalamu. Lakini sikumpa karatasi, nilikwenda nayo nyumbani. Wakaguzi walipokuja tarehe nane nilikuwa nimelazwa. Karatasi aliwapa mama, mkono kwa mkono, na mkongojo akiwanyooshea.

Mabafu yote yamefungwa. Wanang'oa mabomba. Abiria waliooga bafu la sita wametafutwa kwao. Mmoja alikuwa mgonjwa, amepona, wengine hawakuugua. Hatujui kama tutarudishwa kazini. Bwana wa kijitabu alipita, akakuta mlango umefungwa kwa mkanda, akaandika hatuna mabafu.

Sasa lile jingine. Barua yako niliimaliza kuisoma humu wadini, nikiwa na bomba la hewa puani. Nimeisoma mara nyingi. Sikutukani. Nilikasirika, ndiyo, kwa siku kadhaa nilikasirika hasa, kwa ajili ya Februari. Kisha nikafikiri kwamba ungenyamaza Aprili pia, nisingekuwa naandika. Yote mawili ni kweli na siwezi kuyapatanisha, nimeyaacha yalale kitanda kimoja.

Lakini barua yako uliniandikia mimi. Mimi siye uliyenikosea zaidi, Mjomba. Yule mama yupo bado?

Kinanda


25 Mei

Kinanda wangu, marahaba, na marahaba tena.

Barua yako aliniletea Posta mwenyewe, mbio, akipunga bahasha toka mbali. Nilisoma mstari wa kwanza nikakaa chini kama ulivyoamuru, juu ya ndoo, palepale njiani. Mkaza mjomba wako amefunga safari. Akifika kwenu ataosha, atapika, atamlaza dada yangu kwa nguvu. Hilo la mwisho ningelipa kiingilio nione. Mpe Bibi Taulo salamu za fundi asiyemjua.

Kabla hajaondoka nilimwambia mkaza mjomba wako yote. Alisikiliza huku anashona. Alipomaliza mshono akasema, "Ndiyo maana huogi maji ya shawa. Miaka saba unaoga kwa ndoo, nikidhani ni ubahili." Kisha akalia, na mimi pia.

Ulichoniuliza nimekijibu kwa miguu. Mjane wa Mjusi anaishi mtaa wa tatu kutoka kwetu, nyumba yenye mlango wa bati la buluu. Muda wote huo nilikuwa nazunguka njia ndefu ili nisipite hapo. Jumanne nilipita. Alikuwa anaanika nguo. Akafurahi kuniona, akaniita shemeji, akanitolea kiti. Nikamwomba asiniletee chochote, aketi kwanza.

Nilisema. Sikuyapamba wala kuyafupisha. Wiki kumi, chai, kalamu mbili, swali la mkaguzi na jibu langu, na kwamba ugonjwa ule una dawa yake. Alikuwa ameshika kibanio cha nguo, anakifungua na kukifunga.

Nilipomaliza alikibana kibanio kwenye kanga yake. Kisha akaniuliza, "Angepewa ile dawa nyingine, angepona?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia mpwa wangu, huko aliko, alipewa, akapona.

"Na ulijua ni maji? Siku ile anaumwa, ulijua?"

Hilo, Kinanda, hata wewe sikukuandikia. Nikamwambia siku ya kumi nilianza kushuku. Nikakaa kimya siku tatu.

Akainuka. Nilidhani anakwenda kuchukua kitu cha kunipiga nacho, na nilikuwa tayari. Alikwenda kumalizia kuanika nguo, moja moja, mpaka beseni likawa tupu. Aliporudi hakuniita shemeji.

"Nina wanangu wawili," alisema. "Mkubwa ana miaka kumi na tano. Nimewalea nikiwaambia baba yao alichukuliwa na bahati mbaya. Uje Jumapili, wawepo. Uwaambie wao kama ulivyoniambia mimi. Halafu Jumatatu twende wote kwa wakaguzi, ukaseme huko."

Nikasema nitakuja.

Leo ni Jumamosi. Nimepiga pasi shati.

Mjomba wako